Kikohozi cha Baba

Shemeji yangu, mume wa dada mkubwa, ana masikio ya dhahabu. Anasema mwenyewe, maana sisi wengine hatujajaliwa kuyaona. Alishuka Rumonge kutoka Bujumbura kwa harusi ya mdogo wangu, na spika mbili zisizo na waya, akatufungulia darasa jikoni. Eti sauti ya simu imekatwa vipande vidogovidogo, na kimoja kikichelewa hata kidogo, utamu wote kwisha. Tulimsikiliza kwa heshima mpaka ndagala za kitoweo zikaungua.

Mama hakutaka utamu. Alitaka bintiye atoke nyumbani kwa kaswida ya baba, kama dada alivyotoka. Baba ndiye aliyeongoza kaswida mtaani kwetu, na sasa ni marehemu. Amebaki ndani ya simu ya mama. Wazee wenzake wangepiga dufu, yeye angeimba kwenye spika.

Shemeji akaichukua sauti ile, akaisafisha. Nani alimwomba?

Siku ya siku, akaweka spika moja kwa wanawake, nyingine kwa wanaume. Ya wanaume ikawa inachelewa. Baba huku anamaliza neno, kule ndio kwanza analianza. Bwana wa vipande akatueleza kwamba kosa ni la ukuta. Sawa, fundi. Akazima moja.

Hata hivyo wazee walibaki mikono juu ya dufu, hawaingii. Baba aliimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, peke yake. Mdogo wangu amesimama mlangoni, analia, na hakikuwa kilio cha bi harusi. Roho iliniuma.

Mzee mmoja wa dufu akamgeukia shemeji. "Kikohozi iko wapi?"

Baba alikuwa akimaliza ubeti wa kwanza anakohoa, ndipo dufu zinaingia. Wenzake hawakuwahi kuhesabu chochote, walingoja kikohozi.

"Ule ulikuwa uchafu," shemeji akasema. "Nimeutoa."

Nikachukua simu ya mama yenye sauti ya zamani, nikaiweka ndani ya sufuria tupu ya pilau ili isikike. Ilikwaruza vibaya sana, masikio ya dhahabu yakateseka. Baba akaimba ubeti, akakohoa. Dufu zikaingia zote pamoja, na mdogo wangu akavuka kizingiti.

Mama hakumwona akivuka. Aliposikia kile kikohozi alikwenda mtungini, kama alivyofanya miaka yote ya ndoa yake. Akarudi na kikombe cha maji, akasimama nacho mbele ya sufuria.