Kompyuta Niliyoiunda na Baba Mkwe

Kwa miaka yote ya ndoa yangu, mimi na baba mkwe tulikuwa watu wa kusalimiana tu. Sisi Wakamba tuna ile heshima ya wakwe tunayoiita nthoni, naye aliishika barabara. Nikiingia sebuleni, anakumbuka kwamba kuna mbuzi wa kuangaliwa. Nikimpelekea chai, anashukuru huku macho yake yako kwenye kikombe. Alikuwa mzee mrefu, mkulima wa Mwala, ambaye zamani aliendesha lori lake mwenyewe la kubeba mchanga. Hatukuwa na ugomvi wowote. Hatukujuana, basi.

Kazi yangu ni kuchora nyumba kabla hazijajengwa. Mtu akinunua ploti kule Katelembo, anakuja ofisini kwangu mjini Machakos na ramani, nami namtengenezea picha inayoonyesha nyumba kana kwamba imeshasimama: mabati, madirisha, kivuli cha mti ukutani. Lakini laptopu yangu ilikuwa imechoshwa na kazi hiyo. Ilinguruma kama kinu cha posho, ikachemka, kisha ikazima picha ikiwa nusu. Mteja mmoja aliiona nyumba yake haina paa, akaniuliza kwa upole kama siku hizi ndiyo fasheni.

Nikaamua kuunda kompyuta ya mezani yenye nguvu ya michoro, kipande kwa kipande. Mume wangu alikuwa anisindikize Nairobi Jumamosi kununua vifaa, ila kiwandani kwao Mavoko wakamwita zamu. Baba mkwe alikuwa kwetu wiki hiyo, amekuja kutazamwa macho. Nilikuwa nafunga mkoba niende peke yangu niliposikia sauti nyuma yangu.

"Tutaenda pamoja, mama. Hivyo vitu vizito utabebewa na nani?"

Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo. Nikajibu tu, "Asante, baba," nikatafuta viatu vyangu hali nimevivaa.

Dukani, muuzaji alitupeleka moja kwa moja kwenye kompyuta iliyokwisha kuundwa, inayowakawaka taa za rangi.

"Hii iko tayari, madam. Wewe ni kuchomeka tu."

Baba mkwe aliinama akaichungulia kupitia kioo cha ubavuni, mikono mgongoni. "Hii ikichoka," akauliza, "mtu anabadilisha nini?"

"Hii si ya kubadilisha sana, mzee. Pawa saplai yake, ile ya kugawa umeme, ni ndogo, na plagi zake ni za aina yake pekee. Ikichoka unanunua nyingine."

"Nyingine nzima?"

"Nzima."

Mzee akanigeukia, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. "Lori langu nililibadilisha injini, giaboksi, mpaka milango. Na bado lilikuwa lori langu."

Nilicheka kabla sijajizuia. Naye akacheka. Muuzaji akazima zile taa, akatuuliza basi tunataka nini.

Nilikuwa nimesoma sana kuhusu mambo hayo, lakini sikuwahi kumweleza mtu. Sasa nilikuwa na mzee aliyetaka kuelezwa kila kitu. Nilianza na kadi ya grafiki, kwa kuwa ndiyo inayochora, na nikataka yenye memori kubwa, maana picha yenye miti mingi isipoenea ndani ya kadi, kazi inakwama. Ikafuata prosesa, ubongo wa kompyuta, na ule ubao mkuu ambao vifaa vyote vinakaa juu yake. Soketi ya ubao, pale prosesa inapokaa, lazima ikubaliane na prosesa, la sivyo umenunua mlango na kitasa cha mlango mwingine. Nilichagua ubao ambao ungepokea hata prosesa za baadaye, na wenye nafasi nne za memori, nikajaza mbili tu.

"Na hizo mbili?"

"Ni za kesho, baba."

"Vizuri." Pawa saplai nayo nikachukua iliyozidi mahitaji ya siku hiyo, akatikisa kichwa kukubali kabla hata sijamweleza sababu.

Shida ilikuja kwenye kasha la kuvitia vyote. Nilikuwa nimependa moja jeupe, jembamba, la kupendeza kweli. Baba mkwe akaliangalia, akaiangalia ile kadi, akauliza kama nina kitu cha kupimia. Mtu wa kazi yangu hatoki bila tepu. Nikaitoa mkobani, yeye akashika ncha moja, mimi nyingine, tukapima. Kadi ilizidi kwa upana wa kidole.

"Inaingia," muuzaji akasema, "tukitoa feni za mbele."

"Feni ziliwekwa za nini?" mzee akauliza.

Tukaishia na kasha jeusi, pana kama kabati la nguo, lisilo na urembo wowote. Nilinuna kidogo. Baba mkwe alilibeba begani mpaka stendi, akikataa msaada wa kila mtu.

Mchana huo tulitandika shuka juu ya meza ya kulia chakula tukaanza kuunda. Nilifunga ubao ndani ya kasha, nikachomeka prosesa, nikafunga kipozeo juu yake na feni yake kubwa, yeye akinimulikia kwa tochi ya simu. Tulikuwa tumekaa bega kwa bega, jambo ambalo asubuhi lingetufanya sote tutafute mlango. Simu yake ikalia. Alikuwa mama mkwe, kutoka Mwala.

"Mnafanya nini huko?"

"Tunajenga," akasema, akakata.

Kisha akasogeza tochi. "Mama, zile nafasi za kesho. Mbona moja imefunikwa?"

Nikatazama. Kweli, feni ya kipozeo ilikuwa imelalia nafasi ya memori. Siku hiyo isingetusumbua, lakini siku ya kuongeza memori ingetubidi kubomoa kila kitu. Nikajiona narudi Nairobi. Halafu nikakumbuka kwamba feni ile imeshikwa na vibanio tu. Nikaifungua, nikaipandisha juu kidogo, nafasi ikawa wazi. Nikaogopa kwamba sasa mfuniko wa kasha hautafungika. Tukaujaribu: ukafunga, na nafasi ikabaki. Katika lile kasha jeupe isingewezekana. Nililipapasa kabati langu jeusi nikaliomba radhi kimoyomoyo.

Tulipomaliza kufunga vifaa vyote tukawasha, lakini kioo cha kompyuta kilibaki cheusi. Baba mkwe akawasha tochi tena. Nikazunguka nyuma, nikakuta waya wa kioo nimeuchomeka kwenye ubao badala ya kwenye kadi. Nikauhamisha, mwanga ukaja, na mzee akapiga makofi. Mume wangu aliingia wakati huohuo kutoka kazini, akasimama mlangoni na mfuko wa mkate, akimtazama baba yake kama mgeni.

"Tuchore nini kwanza?" nikauliza.

Mzee alikohoa. Akasema kwa muda mrefu amekuwa akifikiria veranda ya mke wake, upande unaotazama bwawa la mchanga linalotunza maji mtoni, ili jioni apate pa kukaa akimenya pojo. Hakuwa amemwambia mtu. Nikaichora kwa maelezo yake: nguzo mbili, viti viwili, ukuta wa mawe, na mbuzi wake mbele. Chai haikuwa imepoa picha ilipokamilika, na kompyuta ilivuma polepole tu. Aliisogelea, akaomba mbuzi wasogezwe.

Mwezi uliofuata mama mkwe mwenyewe alikuja Machakos kuiona picha. Alivaa miwani, akasogea karibu.

"Nzuri," akasema. "Lakini viti viwili? Na kina mama wa kanisa watakaa juu ya nani?"

"Ongeza, mama," baba mkwe akaniambia, akiwa nyuma ya kiti changu. "Ongeza tu."

Nikairefusha hadi mwisho wa ukuta. Fundi akaijenga hivyohivyo kule Mwala, na siku kina mama wa kanisa walipokuja kuibariki, walijaa, wakaimba mpaka kuku wakahama. Mimi na baba mkwe tulikosa viti, tukakaa kwenye ngazi na sahani zetu za muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Alikula kidogo, kisha akaniuliza kama ni kweli kadi mpya za grafiki zimeshatoka, na zina urefu gani.