Fundo la Uzi wa Nyavu

Evod alipopiga simu, Dativa alikuwa Mngeta, amechutama ndani ya Peugeot 404 isiyo na milango wala matairi, mkono umezama kwenye dashibodi hadi begani. Kwenye kiti cha dereva kuku alikuwa anaatamia. Redio ilikuwepo. Alishaipapasa, na vitufe vyake vyote vitano vilikuwa salama.

"Dativa, hujambo? Eti ile kamba inayovuta mshale wa stesheni, unaizungusha mara ngapi?"

Miaka mitatu alikuwa hajaisikia sauti hiyo. Na wala Evod hakuuliza watoto wao wamekula nini.

"Nani anataka kujua?"

"Mteja yuko hapa Kidatu. Yule mzee Nickolaus wa Morogoro, mwenye magari ya zamani. Kamba ya redio yake imekatika."

Dativa aliijua redio hiyo. Aliitoa mwenyewe Masagati, kwenye Land Rover iliyoota majani nyuma ya kanisa, akaisugua kutu wiki nzima na kubadilisha kila kilichooza. Kamba za dukani zilikuwa zinateleza, akafunga uzi wa nyavu uliopakwa nta, kwa fundo la baba yake Damiani, mvuvi wa Mto Kilombero. Evod akaipeleka Morogoro, akapigwa picha nayo.

Ndivyo walivyoishi miaka kumi na minane. Dativa chumba cha nyuma, na risasi ya kulehemu ikimuunguza vidole. Evod barazani, shati limenyooshwa. Kisha akahamia Kidatu kwa mwanamke mwingine, akaondoka na meza ya kazi, chuma cha kulehemu na daftari la namba za wateja. Dativa hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, kusoma hajui. Wateja wote walikuwa ndani ya daftari lile, na yeye hakujua hata mmoja anapatikanaje.

"Nakuja," alisema.

"Usije! Niambie tu hapa..."

Akakata simu. Redio ya Mngeta akaiacha pale pale kwa kuku. Kesho yake asubuhi alipanda basi la kwanza kutoka kwake Ifakara, akakaa, akasimama, akakaa tena, mpaka kondakta akamuuliza kama anaumwa.

Mzee Nickolaus, aliyelala nyumba ya wageni akisubiri redio yake, alikuwa ameshafika dukani kwa Evod. Dativa aliitambua meza yake kabla hajamtambua Evod, aliyekuwa amenenepa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama."

"Huyu ni mama watoto wangu," Evod akadakia akicheka. "Zamani alikuwa ananishikia tochi."

Dativa alivua kandambili, akaketi sakafuni, akanyoosha miguu kama mtu anayeanza kusuka mkeka. Akaipakata redio, akafungua pindo la kanga, akatoa uzi. Mara mbili na nusu kwenye gurudumu, ukapita kwenye springi, ukarudi, fundo. Macho yake yalikuwa kwa Evod muda wote. Alipounga nyaya za betri na kuzungusha kitufe, mshale ukatembea mwisho hadi mwisho, na katikati ya mikwaruzo mtu akasikika anasoma habari.

Mzee akapiga makofi. "Evod bwana! Mkeo umemfundisha vizuri."

"Ah, mzee, mwanamke ukimvumilia anaelewa."

Dativa akachukua wembe mezani, akaikata kamba.

"We mwanamke una wazimu?"

"Mwalimu afunge sasa," alisema, akamsogezea redio, akamtupia uzi uliobaki mapajani.

Evod alizungusha, ukachomoka. Akazungusha tena. Akalalamika hakuna mwanga, akasogea mlangoni, jasho likadondokea kwenye redio, uzi ukachomoka mara ya tatu. Mzee Nickolaus alivua miwani.

"Evod, hii redio mwanzo ilifungwa na nani?"

Evod akaanza kutafuta koleo. Dativa hakungoja. Kukaa na mtu yule chini ya paa moja kulimwasha mwili mzima. Alikuwa ameshafika barabarani, malori ya miwa yanapita, aliposikia mtu anahema nyuma yake.

"Fundi! Fundi, subiri!"

Mzee alikuwa amepakata redio yake.

"Unafanyia kazi wapi?"

"Ifakara. Uliza Dativa. Usiulize mke wa fulani."

"Basi twende, gari langu lile pale."

Siku hizi kuna ubao mlangoni kwa Dativa, na redio ya Mngeta imeshatoka kwa kuku. Fundi wa mabango aliapa kwamba ameandika *Dativa*. Jirani yake Leticia naye akasoma hivyo hivyo, mara mbili. Hata hivyo, kila mgeni anayefika anaombwa kwanza atoke nje asome ubao kwa sauti, na Dativa husimama pembeni yake, akiwa na wembe mkononi, akisikiliza.