Uwanda Usio na Mteremko

Mimi ndiye yule fundi aliyejigamba mbele ya usharika mzima kwamba nitaweka rekodi ya mbio kwenye uwanda wa chumvi, kwa kigari nilichokiunda kwa injini ya lori la marehemu baba. Mama alifunga safari nami ili aisikie tena ikinguruma.

Kwetu Lushoto kila njia ni mteremko. Naachia breki, kigari kinateremka, natia gia, injini inawaka. Kule uwandani ni tambarare tupu! Tukasukuma, magurudumu yakazama kwenye chumvi, watu wakacheka.

"Zungusha ile hendeli ya chuma, mwanangu, uiwashe kama baba yako," mama akasema.

Nikainama.

"Mama, niliona haina kazi. Ndiyo niliyoikata nikamchomelea baba msalaba wa kaburi."