Mkanda wa Mkwe

"Taja jina, mama, nikupe mkanda wake."

Fundi viatu wa Kanyenye, Mzaramo, alikuwa ameshika mikanda miwili ya ngozi ya kushika kifundo cha mguu, kila mmoja ameushona kwa kipimo cha mtu wake. Mama wa Kinyamwezi, khanga begani, akatazama pembeni.

"Ni wa mume wa binti yangu. Aliteguka mguu akipakia magunia stesheni. Jumatatu asiporudi, kazi anapewa mwingine."

"Waume wa mabinti ni wengi, mtani. Jina?"

"Mkwe hatajwi! Kwenu pwani hamna haya?"

"Haya tunayo, daftari la wateja ndilo sina; mikanda naikumbuka kwa majina." Fundi akacheka. "Mkanda ukimlegea, kifundo kinacheza. Ukimbana, vidole vinakufa ganzi. Kidole kimoja kipite, basi."

Mama akajaribu wa kwanza mguuni mwake, akaingiza kidole, akaguna. Akajaribu wa pili. Miguu ya mkwe hakuwahi kuitazama, maana hata hilo ni mwiko. Nami, kijana wa chuo niliyengoja viatu vyangu, nikawaza kwamba ulimi nao una kifundo, na adabu huukaza kuliko ngozi yoyote.

Mara mkwe mwenyewe akatokea ng'ambo ya barabara, akichechemea kwa fimbo. Alipomwona mama mkwe, aligeuza uso kwa heshima, akarudi kinyumenyume, hatua moja, hatua mbili, kuelekea mfereji ulio wazi.

Mama akajifunika uso kwa khanga, akapaza sauti:

"Maganga!"