Bhoke na Darubini ya Baba Mdogo

Juzi kwenye masomo ya jioni mwalimu alisema darubini ni neno la Kiajemi: "dur" ni mbali, "bin" ni kuona. Nikasikia tena harufu ya mtama mbichi kule kijijini kwetu Robanda, nilipokuwa mtoto.

Alasiri moja wakati huo, baba mdogo, askari wa wanyamapori, alimpa dada Bhoke darubini yake kwanza. Bhoke akapaza sauti, "Namwona mama! Anaanika mashuka!" Mama alikuwa kibarua kambi ya watalii, nyuma ya vilima. Sikujua darubini haivuki vilima. Nililia, "Na mimi nipe!" Baba mdogo akaichukua, akaenda zake. Kwa wivu, sikula usiku ule.

Jana nilimpigia Bhoke simu. Nikamuuliza mama alionekanaje siku ile.

"Mdogo wangu, niliona nyasi tu. Na mimi nilikuwa namtafuta."

Kumbe wivu wote ule, niliouombea toba miaka yote, ulikuwa wa nyasi.