Bahari Niliyoitazama Kutoka Vitongoji

Mimi wa Vitongoji, kijiji cha mashariki ya kisiwa chetu. Bahari niijuayo ni ya mashariki, ile inayopiga mwambani mchana kutwa. Mkondo wa magharibi, baina yetu na Tanga, ni bahari nyengine kabisa, yenye kina cha kutisha, na ndiyo njia yetu ya bara: tunavusha wagonjwa, maharusi, magodoro, vitunguu. Nimeuvuka mara chache tu. Lakini katika ukoo wetu mvuvi ni mimi peke yangu, basi kila msafiri huniuliza, "Leo kunapitika?" Nami, kwa kiburi changu, hujibu.

Mama alivuka kwenda kumlea mdogo wangu wa kike aliyejifungua Muheza, ndani huko, bahari haionekani. Siku ya kuondoka akaniambia, "Likinifika la kunifika, nirejesheni Wawi, ubavuni mwa baba yenu." Nikamcheka. "Mama nawe! Unakwenda kulea, huendi kufa."

Alifia huko, alfajiri, juu ya mswala. Mdogo wangu akanipigia simu analia: gari ipo, boti ya Wete inaondoka Tanga asubuhi ile, wamlete? Kwetu maiti hacheleweshwi, jibu lilitakiwa pale pale. Nikatoka nje nikatazama. Kusi, ule upepo wa kusini-mashariki, limechacha, mawimbi yanapanda juu ya mwamba.

"Hakupitiki," nikamwambia. "Mzikeni huko huko."

"Kaka, una hakika?"

"Bahari unanifunza wewe?"

Wakamzika baada ya adhuhuri.

Alasiri nikenda Wete, upande wa magharibi, kutafuta boti ya kesho, niwahi hitima. Nikashuka bandarini. Ya Rabi! Maji yametulia kama ya kwenye sinia. Kusi lote lilikuwa limekingwa na kisiwa chenyewe, nami ni kama niliyekwenda kuchungulia mlango wa uani nijue nani yupo barazani. Boti ya Tanga, ile ile ya asubuhi, ilikuwa inateremsha vitunguu. Nikamuuliza nahodha wamevukaje.

"Salama, shehe. Hata katikati ya mkondo hakuna aliyetapika."

Nikakaa juu ya magunia nikalia mbele za watu, mtu mzima na ndevu zangu.

Wawi, ubavuni mwa baba, pale mahali bado patupu. Mimi ndiye ninayepapalilia.

Mdogo wangu sijamwambia. Kila tukionana hunishika mkono. "Mungu akulipe, kaka," husema. "Ungetuachia tuvuke siku ile, tungempoteza mama baharini."

Nami huitikia, "Amin."