Siku Niliyoulizwa Kadogo Ni Nani

Hii aibu bado inanitembelea. Nikiwa peke yangu dukani inanijia, nasimama, nakaa, nasimama tena, mpaka mteja akiingia anafikiri nimeingiliwa na siafu ndani ya suruali. Naandika labda nitatulia. Shule sikuifikisha mbali (vita ilinimalizia masomo kabla sijayamaliza mwenyewe), kwa hiyo nitaeleza tu vile mambo yalivyokwenda, na pale kosa ni langu nitasema ni langu, na mtaona ni karibu pote.

Mimi na mke wangu, Mama Neema, tuna duka dogo la simu karibu na Warwick, hapa Durban, tunauza simu zilizotumika na kubadilisha vioo vilivyopasuka. Yeye anarudi nyumbani Sydenham mapema juu ya watoto, mimi nabaki, nafunga, naweka pesa ya siku ndani ya soksi, natembea nayo mpaka kwenye taxi. Sasa siku moja pale kwenye robot, zile taa za barabarani, mtu akanisimamia karibu kama ndugu yangu, akaniwekea kisu chini ya mbavu, kikanichana kidogo, akataka viatu. Viatu vikaenda na soksi, soksi ikaenda na pesa. Tangu hapo sikuwa mtu wa kutulia. Nikisikia hatua nyuma nageuka. Nimewageukia mama wanaouza mahindi, nimemgeukia hata mtumishi mmoja wa Mungu aliyetaka tu kunipa karatasi ya mkutano wa maombi, akakimbia yeye, na karatasi zake akaziacha chini.

Ndipo nikaanza kuwaza bastola. Mara ya kwanza nilipoitaja nyumbani, Mama Neema alikuwa anakuna nazi, hakuacha kukuna, akasema katika nyumba anamolala yeye hakuna bunduki itakayolala. Hakueleza, mimi sikuuliza, nikasema sawa. Na hapa niseme ukweli, hakunidanganya wala hakunificha kitu, jibu nilipewa mapema na lilikuwa la wazi. Mimi ndiye niliyelichukua kama jibu la mtu aliyechoka.

Rafiki yangu Kizito, tunayeimba naye sauti ya tena kwenye kwaya, analinda geti kule bandarini na silaha anaijua kwa kazi. Alinieleza kwamba kwa sababu niko na makaratasi ya kukaa moja kwa moja nchi hii, sheria inanikubalia kuomba, ila si jambo la kwenda dukani na kurudi na mfuko. Kuna mafunzo kwanza, kuna polisi, kuna sanduku la chuma la kufungwa ukutani, na leseni yenyewe inaombwa kwa ile bastola moja uliyoichagua, ambayo inabaki kwa muuzaji mpaka jibu litoke. Mafunzo nikayafanya kimyakimya (nyumbani nilisema naenda kutafuta vioo), na siku ya Jumamosi asubuhi, Mama Neema akiwa nyumbani na watoto, nikamwachia jirani duka, nikaenda kuchagua.

Muuzaji alikuwa mzee wa Kihindi, mpole, sitaki kumsingizia chochote. Hakuniuliza kwanza niko na pesa gani, aliniuliza navaa nini. Akasema Durban hii hakuna wa kuvaa koti, mtu anatembea na shati moja tu lililoshikana na jasho, kwa hiyo kitu cha kufichwa kiunoni lazima kiwe chembamba kuliko kiwe kifupi, na kiwe hakishiki kutu haraka maana jasho ni chumvi. Akautazama mkanda wangu akacheka, akasema huo utabeba suruali tu. Akaweka mbili juu ya kioo. Moja fupi, nyeusi, ilikuwa ya mlinzi mmoja aliyeacha kazi, four thousand na kidogo. Nyingine ndefu zaidi, bei haikupishana sana. Ile fupi, akasema, itajificha lakini itakuruka mkononi kama jogoo, ile ndefu utailenga vizuri lakini kila anayekukumbatia ataijua. Na rahisi si rahisi, akasema, kama inakuumiza nyonga halafu unaiacha nyumbani. Mwisho akaongeza, kama mtu anayekumbusha tu, kwamba polisi wanaweza kumuuliza mke wako anaonaje. Nikamjibu hakuna shida, na uso nikauvalisha hakuna shida.

Nikatoka nje nipumue. Kichwa kilikuwa kinazunguka, fupi, ndefu, fupi, ndefu. Nikaona nimuulize Kizito kwa sauti ya WhatsApp. Lakini nilikuwa barabarani, watu wanapita, na katika mji huu huwezi kusimama na kusema bunduki kwa lugha yoyote ile, kuna mtu atakuelewa tu. Yule mzee alikuwa anarudia neno lake, compact, compact, nikalitafsiri kivyangu. Nikaliita kadogo. Hiyo ndiyo hatua ndogo iliyonimaliza, hiyo na nyingine ya pili, kwamba niliona jina la Kizito juu kabisa kwenye simu nikabonyeza bila kutazama kuwa lile lilikuwa kundi la kwaya, na Kizito alikuwa tu wa mwisho kuandika humo.

Nikasema hivi, na ninaweza kuyarudia bila kukosea kwa vile nimechezewa sauti hiyo mara nyingi:

"Kaka, kadogo nimekaona. Keusi, kafupi, kembamba, kanaingia mkononi vizuri sana. Kalikuwa ka mlinzi mmoja, kameshatumika, lakini kametunzwa, na bei yake hata mimi naiweza. Kuko na kengine karefu, kametulia zaidi, ila hako nikitembea nako kila mtu ataona. Mimi nataka ka kuficha. Mama Neema asijue kwanza, nitamwambia siku nikikaleta nyumbani."

Halafu nikaendelea, maana mimi nikianza sauti siachi, nikaeleza uzito, nikaeleza kuruka, nikaeleza mambo mengine. Nikatuma. Nikaizima simu sauti, nikamwambia mzee aniwekee ile fupi, nikarudi dukani kwangu, wateja walikuwa wengi.

Saa ya mazoezi ya kwaya nikapanda Sydenham nikiimba. Nikaingia ukumbini. Watu wa tena walikuwa wamevuta viti mbali na changu, alto walikuwa wamemzunguka Mama Neema kama watu wa msiba, mmoja anampepea na kitabu cha nyimbo, na papa mmoja wa besi alinitazama kwa heshima ambayo sikuistahili.

Rais wa kwaya yetu ni Mama Jolie, mwenye saluni, mama wa maneno machache na sauti ya kupasua sinia. Akaniambia nikae. Akaanza kwamba sisi ni familia, hapa hakuna wa kunihukumu (nikajua hukumu imeshapita), kwamba wanaume wengi wameanguka na wameinuka, lakini kuongea habari ya bei, yaani mahari, ya mjane wa mlinzi, ndani ya kundi la kwaya, watu wako kazini, watu wako na watoto wao pembeni, hiyo hajapata kuiona.

"Papa Neema," akasema, "huyu kadogo ni nani?"

Mimi nilikuwa sijaelewa bado. Niliuliza mjane gani. Wakanichezea sauti yangu, na pale ndipo nilipoisikia kwa masikio yao. Kembamba. Kanaingia mkononi. Mama Neema asijue. Jasho lilitoka mahali ambapo yule mzee alisema bastola inakaa. Na Mama Jolie akaizima pale pale penye kukaleta nyumbani, kwa hasira, na nikaja kujua kwamba watu wote walikuwa wanaizimia hapo hapo, hakuna aliyevumilia kufika mwisho.

Nikasema si mwanamke. Besi wakaguna. Mama Neema hakulia, alikuwa ananitazama tu kama mtu anayesoma namba ndogo nyuma ya simu.

"Kama si mwanamke ni nini?" akauliza.

Niliona kuwa nikisema ukweli nimekwisha, na nikinyamaza nimekwisha vilevile. Wakati huo Kizito akaingia, ametoka kazini, bado na uniform. Yeye peke yake alikuwa amesikiliza sauti yote, aliijua hatari, akataka kuniokoa. Sasa sitamlaumu, mimi ningemfanyia hivyo hivyo. Akasema kwa sauti kubwa, "Eish, jamani, ni simu. Huyu anauza simu, mlitaka azungumze habari ya nini? Ya ng'ombe?"

Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Simu! Keusi, kafupi, kameshatumika. Wakaanza kucheka kidogokidogo halafu wakashindwa kuacha, yule aliyekuwa anampepea mke wangu akaanza kujipepea mwenyewe. Mama Jolie akasema lakini mbona Mama Neema asijue, na hapa, ndugu zangu, si Kizito aliyejibu. Ni mimi. Mdomo wangu mwenyewe ulifunguka ukasema ni zawadi yake.

Mama Neema akatabasamu. Akainamisha kichwa na akatabasamu, na mpaka leo katika mambo yote ya siku ile hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwamba alifurahi.

Kwa furaha Mama Jolie akaicheza tena ile sauti, sasa ikiwa kichekesho. Kila neno watu wanapiga makofi. Ikafika penye kukaleta nyumbani na safari hii hakuna aliyeizima, yeye mwenyewe alikuwa anajifuta macho na kilemba kimelegea, na sauti yangu ikaendelea mbele, tamu, bila haraka: "Kanameza sita, na ka saba unaweza kukaacha mdomoni."

Wengine waliendelea kucheka. Mama Neema aliacha.

"Simu haimezi sita," akasema.

Kizito akaanza kusema kitu kuhusu line za simu, zile za kubadilisha. Mama Neema hakumgeukia.

"Kule Uvira, wakati wa vita, askari walikaa uani kwetu. Asubuhi walikuwa wanahesabu risasi hivyo. Sita tumboni, moja mdomoni." Halafu akaniuliza mimi, taratibu, kana kwamba tuko jikoni. "Ni bunduki?"

Nikasema ndiyo.

Kicheko kiliisha kwa mafungu, kwanza alto, halafu sisi wa tena, besi mwisho. Nusu ya kwaya yetu ni watu wa kule, hawakuhitaji kuelezwa. Mama mmoja alichukua mkoba wake akatoka nje akasimama ukutani.

"Afadhali angekuwa mwanamke," Mama Neema akasema. "Mwanamke ningemfukuza."

Hakuna wimbo ulioimbwa. Mama Jolie alisema tuombe, akaanza maombi na hakujua ayapeleke wapi, akasema amina.

Tulirudi kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma, mteremko ule wote. Nyumbani watoto walikula, wakaenda kucheza kwa jirani. Nilimwambia nitaeleza. Akasema nisieleze kisu, kisu anakijua, yeye ndiye aliyenipaka dawa pale mbavuni, na kila jioni mpaka nisukume mlango yeye anakuwa dirishani. Hakunigombeza juu ya hofu. Alichouliza ni kwa nini nimekiita kadogo.

Nikamwambia kwa ajili ya watu wa barabarani.

"Kaka yangu mdogo walimchukua akiwa mtoto," akasema. "Wakampa bunduki iliyomzidi urefu. Hao watoto jina lao lilikuwa kadogo. Mama aliitwa mama wa kadogo mpaka akafa."

Miaka yote hii ya ndoa sikujua. Ndiyo, yeye hakusema, lakini kuna siku aliyokuwa anakuna nazi na mimi nilikuwa na mdomo wa kuuliza, nikautumia kusema sawa.

Jumatatu nikarudi kwa yule mzee. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, hakunigombeza, alisema afadhali mume aliyebadilika mbele ya kioo kuliko aliyebadilika baada ya leseni, akairudisha ile fupi mahali pake na kitambaa akapangusa alama za vidole vyangu. Sasa tunafunga duka pamoja jua lingali juu, watoto wanatungoja kwa jirani, na pesa hazikai tena ndani ya soksi, mchana tunazipeleka benki. Wateja wa jioni wamehamia kwa mwenzetu wa ng'ambo ya barabara. Kwaya wananiita Papa Kadogo wakijisahau, halafu wanamkumbuka Mama Neema wanakohoa. Na niwe mkweli, sijapona, bado nageuka, jana nimegeukia mfuko wa plastiki. Mwenye leseni yake na nyumba iliyokubali mimi sina neno naye, Kizito ni mtu mwema na kazi yake inamtaka hivyo.

Mimi nimeapa yangu tu. Kitu chochote nisichoweza kukitaja kwa jina lake kamili mbele ya huyu mama, mezani, sahani ziko hapo, hicho sitakinunua, hata polisi wote wa Durban wakinipigia muhuri.